Kuonja Si Kula

Mtoni, Temeke
5 Juni 1994

Rukaiya, mke wangu mdogo,

Marahaba. Naitanguliza kabisa, maana najua ukifungua bahasha tu utasema shikamoo peke yako hapo chumbani, wenzio wadhani umepandisha mashetani. Vipi baridi ya Moshi? Unakula? Kuna kijana yeyote anayekusumbua huko chuoni? Kama yupo mwambie una mume Mtoni, kazeeka lakini ana mwiko mzito.

Sie huku wazima. Bibi yako Mwanabaraka mzima, na mdomo wake mzima. Mie ndo usiseme. Nimepimwa damu kwa Daktari Fizza, yule binti wa kina Mohamedraza ninaowapikiaga biriani. Kaitazama kwenye kichupa, akasema, "Mzee Twalib, hii damu ya kijana wa miaka ishirini." Wakaitana manesi, mmoja mmoja, kuja kuishangaa. Nimerudi nyumbani natembea kifua mbele, nikamwambia bibi yako ajiandae, naweza nikaoa tena.

Haya. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi, naona kalamu inanicheka. Nimekudanganya.

Kuishangaa waliishangaa, hilo kweli. Kile kichupa kilisimamishwa mezani, damu ikajitenga. Chini nyekundu, juu kukakaa maji meupe, mazito kama tui. Mie nikiona kitu kimekaa juu namna hiyo sihitaji kuelezwa. Ile ni supu ya makongoro iliyolala. Nikamwambia, "Daktari, hiyo si unaengua tu kwa kijiko?" Hakucheka.

Kilichonipeleka ni kifua. Nilikuwa nageuza pilau la harusi Keko, kifua kikabana kama mtu kanikalia, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikaegemea ukuta, nikajifanya moshi umeniingia machoni. Unamkumbuka marehemu Jabiri, mwenzangu wa jikoni? Yeye alianza hivihivi, akasema ni gesi. Mwaka juzi tulimwinua kando ya sufuria, mwiko bado kaushika. Na pilau likaliwa, maana watu walikuwa wameshakaa.

Daktari Fizza anasema mafuta yamejaa kwenye damu, kolestro na mwenzake mwingine ambaye jina lake sikulishika. Kanipa dawa, karatasi ya Kiingereza na miezi sita. Nikirudi yakiwa hayajashuka, niachane na moto na masufuria, nikakae barazani. Mie nikae barazani nifanye nini, nihesabu mbuzi wa watu?

Wewe ndo unasomea mambo ya lishe. Nieleze kwa Kiswahili cha mtu aliyeishia darasa la nne. Na mama yako asijue, atakuja kunililia hapa kabla sijafa.

Mumeo asiyekataliwa,
Babu Twalib


Moshi
19 Juni 1994

Babu, mume wangu mwongo,

Shikamoo. Ulishaitikia, lakini nakuamkia tena, maana hiyo ya kwanza uliitikia kabla sijasema. Mimi sijambo, nakula, nalala, na vijana wa hapa wanaogopa mwiko wako. Msalimie mke mwenzangu Bibi.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kwa sababu Filomena, mwenzangu wa chumbani, alinisikia nikicheka akataka kujua kuna nini. Nilipofika kwa Mzee Jabiri nikampa ile karatasi. Akamalizia yeye kunisomea.

Sasa nisikilize. Mafuta mwili unayahitaji, usiyachukie. Yakizidi ndiyo yanasafiri na damu na kujishika kwenye kuta za mishipa, kidogo kidogo, bila kuuma. Umewahi kuona bomba la jikoni linalomwagiwa mchuzi kila siku? Maji yanapita, yanapita, halafu siku moja hayapiti. Wewe bomba lako limeanza kukupigia hodi, Mzee Jabiri naye la kwake alilisikia akalipuuza.

Yale yanayoganda yakipoa ndiyo mabaya zaidi kwako: samli, shahamu ya kondoo, ngozi ya kuku, utumbo. Mafuta ya alizeti au ya ufuta unaweza kutumia, kijiko, si kumimina. Kula samaki, vibua na dagaa wazuri sana, ila wachomwe au wachemshwe. Maharage, choroko, kunde, usiogope kushiba hizo. Mchicha na matembele kila siku. Ugali wa dona badala ya sembe nyeupe. Sukari kwenye chai ipunguze pia, najua unatia mpaka kijiko kinakwama, na yule mwenzake kolestro anaipenda sana sukari. Na utembee. Dawa alizokupa daktari usiziache hata ukijiona mzima.

Lakini ushauri wa jumla hautoshi, ndivyo tunavyofundishwa. Kwanza mshauri ajue mtu anakula nini. Niandikie kila kitu, tangu unaamka mpaka unalala. Usinifiche, sitamwambia mama.

Mjukuu wako na mkeo,
Rukaiya


Mtoni
10 Julai 1994

Mke wangu daktari,

Marahaba sana. Bibi yako anasema ukirudi likizo umletee kahawa ya huko, mie anasema usiniletee kitu, nitakikaanga.

Utafurahi, maana nimekwenda mbele zaidi ya ulivyosema. Nyumba hii haina mafuta. Samli nimempa Talha, msaidizi wangu, kaipokea kama kapewa kiwanja. Dumu la mafuta ya ng'ambo nimelitoa nje. Unajua, nimekaa nikawaza. Wewe ulikuwa mdogo enzi za foleni. Mafuta tulikuwa tunagawiwa kikombe kwa nyumba, kwenye duka la ushirika, unapanga mstari tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa yameisha. Mchicha ukibandikwa kwa maji na chumvi. Tulilalamika mpaka midomo ikapasuka. Leo mambo ruksa, madumu ya manjano yamepangwa hadi kwenye genge la nyanya, na kila kona ya Temeke kuna kabati la chipsi. Kumbe ile dhiki ilikuwa inatutibu, ila haikutuambia.

Sasa unachotaka kujua. Asubuhi chai na kipande cha muhogo. Mchana wali, kiganja hiki, na mboga. Jioni kidogo tu anachoniwekea bibi yako. Na kila kitu siku hizi ni nazi tupu! Mchicha nazi, samaki nazi, maharage nazi, na tui lenyewe la kwanza, zito. Nazi inatoka mtini, mke wangu, haina mafuta ile, ina tui.

Siku za shughuli ndo sili kabisa. Muulize mke mwenzio. Natoka hapa alfajiri, nasimama kwenye moto mpaka alasiri, watu elfu wanakula mie narudi na njaa yangu. Ndo maana namshangaa Daktari Fizza, mafuta kayatoa wapi? Labda kichupa kilikuwa cha mtu mwingine. Tena siku ile ya kupimwa nilifunga kama alivyoagiza, tangu magharibi sikula kitu. Asubuhi nilipitia tu kwa watu nikaonja supu yao, basi, nikaenda zangu kutoa damu.

Mumeo aliyekonda,
Babu Twalib


Moshi
26 Julai 1994

Babu aliyekonda kwenye barua tu,

Shikamoo. Mama kaniandikia kwamba alipita hapo Mtoni na kakukuta umetoboa tundu jipya kwenye mkanda, kwa upande wa kupanulia. Hajui kisa, usiogope, mimi nimejua.

Nina maswali mawili. La kwanza. Bibi anajipaka nini kwenye nywele? Mafuta ya nazi. Hayo mafuta aliyatoa wapi, Babu, kwa fundi baiskeli? Na mwezi huu wa baridi, asubuhi, ile chupa yake si inaganda nyeupe mpaka aiweke juani? Basi hicho ndicho mnachotia kwenye mchicha. Umeyafukuza mafuta mlangoni, yakaingia dirishani yamevaa kofia. Sisemi nazi ni haramu, mimi mtoto wa Pwani, nitakwenda wapi? Tumieni tui la pili, lile jepesi, na si kila chungu kila siku.

La pili ndilo lililoninyima usingizi. Umesema ulifunga, halafu ukaonja supu. Filomena kasoma hapo mara mbili, akaniuliza kama babu yangu ananitania. Nikamwambia hapana, anasema kweli kabisa, yeye hajui kama alikula. Babu, siku ya shughuli unaonja mara ngapi?

Usinijibu, hutajua. Ninakupa kazi badala yake. Shughuli ijayo chukua bakuli tupu, liweke karibu na sufuria. Kila ukitia kitu mdomoni, tia na bakulini kiasi hichohicho. Kipande cha nyama kwa kipande cha nyama, mchuzi kwa mchuzi. Usipunje. Mwisho wa siku mpelekee Bibi alitazame, kisha niandikie.

Mkeo mwenye wivu na sufuria,
Rukaiya


Mtoni
30 Agosti 1994

Rukaiya,

Marahaba. Hatujambo.

Mie nilifundishwa kupika na mzee mmoja wa Mbweni, na la kwanza alilonifundisha ni kwamba kuonja si kula. Mpishi anayekula kazini ni mwizi, anayeonja ni mlinzi. Nimeishi na maneno hayo mpaka mvi zimenitoka puani. Wewe umekuja na bakuli.

Nililipeleka kwenye shughuli ya Maulidi. Nyama zilipochemka nikaonja, nikatia bakulini. Vitunguu vilipoiva nikaonja, nikatia. Nikaona nyama ya mbavu imekaa vibaya, nikaitazama ndani kama imeiva, nikatia mwenzake. Talha anageuza mchele huku ananitazama. "Mzee Twalib, unamwekea nani? Una mgeni?" "Namwekea mke wangu." "Mke gani huyo anakula hivi, ana mimba ya mapacha?" Jiko zima likaangua kicheko. Adhuhuri haijaadhiniwa bakuli limejaa. Nikaona aibu kuacha katikati, nikachukua sinia.

Nimelibeba mpaka nyumbani, nimelifunika na kawa. Bibi yako akafunua. Lilikuwa pilau, mbavu, firigisi, mchuzi umeganda pembeni, chakula cha makuli watatu wa bandarini. "Nani kala hivi?" "Mie." Akakaa chini. "Na hizi sahani ninazokuwekea miaka yote, nakuonea huruma mume wangu kalisha watu karudi na njaa?" Nikamwambia hizo nazo nilikuwa nakula, kwa heshima yake. Akalifunika tena lile sinia kwa kawa.

Nikaapa sionji tena. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi Manzese, nikapika bila kugusa hata tone. Macho tu, na pua, na miaka yangu. Rukaiya, chumvi ilikwenda mara mbili. Mie nilitia, na Talha alitia akidhani sijatia, maana kazoea nikishatia naonja mbele yake. Bwana harusi alikunywa maji kama lori la Morogoro. Masinia yalirudi na pilau. La Twalib! Lilirudi! Nimepika msiba, nimepika harusi, nimepikia watu wenye meno na wasio na meno, sijawahi kuona sinia langu linarudi na kitu isipokuwa mifupa.

Mtu aliyenipa shughuli ya mwezi wa tisa alinijia kesho yake, akasema harusi imeahirishwa. Haijaahirishwa. Aliyeahirishwa ni mie.

Kwa hiyo usiniandikie tena mambo ya lishe. Nikionja nakufa, nisipoonja si mpishi. Bora kifua. Jabiri alikufa na mwiko mkononi, na hakuna anayesema alikuwa mtu wa barazani.

Babu yako


Moshi
11 Septemba 1994

Babu,

Shikamoo. Nimeona umetia sahihi "Babu yako", hakuna mume. Nimelia, halafu nikajiambia ninastahili.

Nilikosea. Nilikuonyesha unachokula, nikakuacha njiani bila kukuambia ufanye nini na ulimi wako. Mwalimu wetu anatuambia kila siku kwamba mgonjwa haondoki na katazo peke yake, aondoke na njia. Mimi nilikupa bakuli, nikaona nimekuwa hodari.

Sina njia leo. Ninachokuomba ni usiache dawa, na ule lile tui la pili. Basi.

Nilipokuwa darasa la tatu ulinibeba begani ukanipitisha kwenye masufuria yako yote Idi ile, ukinitaja kwa watu, huyu ndiye mke wangu. Sitaki kuwa mjane, Babu. Samahani kwa kusema hivyo.

Rukaiya wako


Moshi
9 Oktoba 1994

Babu,

Shikamoo. Mwezi umepita hujajibu. Mama anasema upo, unatembea, lakini hutanii watu. Ndicho kilichonitia hofu kuliko kifua.

Naandika kwa sababu ya Filomena. Yeye ni Mkatoliki wa Kibosho, mambo yetu anayasikia kwangu tu. Jana tunafua nguo, akaniuliza hivi: "Huyo babu yako mwezi wa Ramadhani anapika?" Nikamwambia anapika, tena futari ya msikiti mzima, sufuria za tambi na za nyama, kila siku ya mwezi. "Na amefunga?" Amefunga. "Sasa chumvi anaijuaje?"

Babu, nilibaki nimeshika nguo inadondosha maji. Miaka yangu yote nimekula futari yako. Sijawahi kuikuta na chumvi mbili. Unaijuaje?

Sikuambii kitu. Nakuuliza tu.

Rukaiya


Mtoni
20 Novemba 1994

Mke wangu mdogo, wewe na huyo Mkatoliki wako,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Msiniulize tena nilikuwa wapi. Nilikuwa nimenuna, na mtu mzima akinuna anahitaji muda wa kuonekana.

Barua ya Filomena (maana ile ni yake, wewe uliibeba tu) niliisoma nimesimama mlangoni, nikaingia ndani nikakaa. Najuaje? Nachovya ncha ya kidole, nagusisha ncha ya ulimi, natambua, natema, nasukutua. Basi. Mwezi mzima. Tumbo halijui chochote. Nimeifanya hiyo tangu sijaoa, na sikupata kufikiri kwamba inaruhusiwa mwezi wa nne au wa saba. Nilidhani ni adabu ya Ramadhani, kama kanzu.

Nikajaribu kwenye hitima moja hapahapa Mtoni, shughuli ndogo, ya watu walionihurumia. Nikachovya, nikagusisha, nikameza. Nikajikemea. Nikachovya tena, nikameza tena, safari hii na kipande cha nyama kilichokuwa kimejishika hapo kwa bahati mbaya. Rukaiya, Ramadhani kuna anayeniona. Mwezi wa kumi naonwa na Talha, na Talha naye anatafuna.

Nikarudi nyumbani nikamweleza bibi yako. Akavaa kanga, akachukua kibao cha mbuzi na kopo tupu. "Tunakwenda wapi?" nikamuuliza. "Jikoni kwako, Jumamosi," akasema, "ndo nafanya mazoezi ya kukaa."

Basi Jumamosi kakaa. Tandika, harusi ya watu mia tatu, jiko la wanaume watupu, bibi yako katikati juu ya kibao cha mbuzi, kijiko kashika yeye. Mie mpishi mkuu sina kijiko! Nikitaka kujua chumvi namwendea kama mtoto anayeomba uji. Anachovya, ananitilia tone ulimini, ananishikia kopo. "Tema." Natema. "Nionyeshe." Namfunulia mdomo. Wapishi wenzangu waligaragara. Talha akaniuliza kama nyumbani nako napewa ruhusa ya kukohoa. Nikamwambia, cheka, lakini samli niliyokupa iko tumboni mwako, na wewe huna wa kukushikia kopo.

Na sasa kuna jambo sikulitegemea. Sufuria la tatu, kabla hajanipa, bibi yako alionja mwenyewe, tone, akatema, akasema, "Hili limepoa, halina binzari." Nikamwambia nyamaza, umepika wapi wewe pilau la watu mia tatu? Nikaonja. Halikuwa na binzari. Talha alisahau. Unajua kwa nini mie nisingeijua? Kwa sababu zamani ningekuwa nimeshakula masufuria mawili, ulimi umevaa koti la mafuta. Ulimi wake ulikuwa mtupu.

Masinia yalirudi na mifupa.

Mumeo aliyerudi,
Babu Twalib

Mwambie Filomena akija Dar namwozesha Talha, ajitayarishe kumkemea.


Moshi
18 Desemba 1994

Babu, mume wangu mtema mate,

Shikamoo. Filomena anasema asante, lakini Talha atamkuta keshapata mchumba Kibosho. Salamu kwa Bibi, mwambie hapa tumempa cheo.

Sasa nina la kukiri, usikasirike. Kwenye mtihani wa vitendo kila mwanafunzi alitakiwa asimame mbele ya walimu aeleze mtu mmoja aliyemshauri, alikosea wapi na alifanya nini baadaye. Wenzangu walileta watu waliowaona wodini mara moja. Mimi nilimleta mpishi mmoja wa shughuli, sikutaja jina, aliyekuwa haamini kwamba alichoonja kilifika tumboni. Niliposema habari za bakuli lililogeuka sinia, mwalimu mkuu wa lishe aliweka kalamu chini. Nilipofika kwenye kopo la Bibi, walipiga makofi. Nimepata alama za juu kabisa, Babu, na mwalimu anasema mwakani wanafunzi wote wanaoshauri wapishi na mama lishe wataanza na swali la kuonja.

Lakini makofi hayapunguzi mafuta. Miezi sita imekwisha. Nenda kwa Daktari Fizza. Na safari hii, nakuomba, ufunge kwelikweli. Nitakuwa sina raha mpaka niione barua yako.

Mkeo,
Rukaiya


Mtoni
12 Februari 1995

Mke wangu wa alama za juu,

Marahaba. Ramadhani karimu. Huku joto limetukamata makoo, saumu inapita polepole kama mgeni mwenye miguu mibaya, lakini tupo. Bibi yako kafunga, mie nimefunga, Talha anasema kafunga.

Nilikwenda kwa Daktari Fizza katikati ya Januari. Bibi yako alinisindikiza mpaka mlangoni pa chumba cha kutolea damu, kwa miguu, maana siku hizi tunatembea, watu wa Mtoni wanadhani tumefukuzwa nyumba. Daktari akaniuliza, "Mzee, umekula?" Nikasema sijala. "Umeonja?" Rukaiya, ulimwandikia? Au bibi yako? Nikasema sijaonja. Bibi yako nyuma ya mlango akajibu, "Hajaonja!"

Kichupa kikasimama. Nilikaa mbele yake kama mtu anayesubiri mwezi mwandamo. Damu ikajitenga, taratibu. Juu kukawa na maji ya manjano, yana ukungu kidogo, lakini nilipomwambia nesi akinyanyue dirishani, nikamwona kuku anapita ng'ambo ya pili. Nikamwambia Daktari Fizza hilo si tui tena, hilo ni tui la pili. Safari hii alicheka.

Nisikudanganye, nimejifunza. Mafuta hayajafika anapopataka daktari. Ile ya jina gumu imeshuka sana, kolestro yenyewe imeshuka kiasi, ina kiburi. Kasema dawa niendelee, chakula niendelee hivihivi, nirudi Julai. Kifua hakijabana tangu ile harusi ya Keko. Jikoni nibaki, ila sufuria nisiinue, wainue vijana. Baraza hakunitajia. Nilimsubiri aitaje nimjibu, hakuitaja.

Shughuli zimerudi, nyingi kuliko zamani, ila kuna kitu kimenichoma. Wiki iliyokwisha kaja mtu kutoka Kinondoni kuweka oda ya harusi ya baada ya Idi. Tumekubaliana kila kitu, anaondoka, akageuka: "Mzee, na yule mama aje." Nikamuuliza mama gani. "Yule wa kibao cha mbuzi. Wanasema ndiye anayelitia ladha." Nimepika miaka yote hii, na ladha imepewa mtu wa kopo! Nilipomweleza bibi yako hakucheka wala hakujivuna, aliniuliza harusi ya watu wangapi.

Sasa nimefika ninapokwenda.

Wewe ulisimama mbele ya walimu wako ukalitoa tumbo langu hadharani. Sinia lilikuwa langu, aibu ilikuwa yangu, mate yalikuwa yangu. Makofi wamekupigia wewe. Sikukasirika, mke akipanda cheo mume anafurahi. Lakini unanidai shukrani au nakudai? Nakudai.

Idi tutapika sufuria moja hapa uani, letu wenyewe na majirani. Nimemwomba bibi yako siku hiyo, likishapaliwa makaa na kufunuliwa, nile kijiko kimoja cha pilau langu. Kimoja. Nikimeze, kishuke, nikisikie kinavyoshuka. Kaniambia, "Tutamwuliza Rukaiya." Hasikii imamu, hasikii Daktari Fizza, anakusikia wewe.

Basi mwandikie. Barua ifike kabla ya Idi, uitume kwa basi, posta siiamini. Mwambie kijiko kimoja kwa mwaka kitaalamu kinakubalika. Tia na neno moja gumu la kitabuni, hapo ataogopa kubisha. Usiseme ni mie niliyeomba.

Na ukiweza, andika kijiko cha kupakulia.

Mumeo mwenye njaa ya halali,
Babu Twalib